Nimeunganisha diski nne za picha, video na muziki kuwa maktaba moja na kuondoa kopi zote. Soma kabla hujabonyeza "futa" (uzi mrefu)

Sandukuwazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi hii nimeifanya kila jioni kwa wiki sita. Sasa imekwisha, nikaona nisikae nayo peke yangu. Najua humu wapo wengi wenye diski ya nje kwenye droo, ndani yake kuna folda inaitwa "Picha zote", pembeni yake "Picha zote mpya", halafu "BEKAPU USIFUTE", na ukifungua hiyo bekapu unakuta tena "Picha zote". Mimi nilikuwa na diski nne za namna hiyo, laptopu mbili zilizokufa na memori kadi saba. Jumla terabaiti 2.3, mafaili zaidi ya laki mbili. Leo nina maktaba moja ya gigabaiti 840, mafaili elfu sitini na kitu, na nikiulizwa picha ya siku fulani naifikia.

Nianze na kilichonifanya niwe mwangalifu hivi, maana mara ya kwanza niliharibu.

Miaka mitatu iliyopita nilishusha programu ya kutafuta kopi, nikaielekeza kwenye diski, ikaniletea orodha ndefu ya picha zinazofanana. Nikachagua "bakiza iliyo mpya zaidi", nikabonyeza futa, nikafurahia nafasi niliyopata. Baba alipofariki tukataka picha yake ya kuchapisha kubwa. Ile tuliyoipenda wote, amekaa nje anacheka, ilikuwepo. Kuifungua, pikseli 1,600 kwa 1,200, kilobaiti 140. Ile halisi nilikuwa nimeipiga mwenyewe kwa kamera, megabaiti tano na zaidi. Niliituma kwa ndugu kwa WhatsApp, mmoja akaja kuirudisha kwenye kundi la familia, ikajihifadhi kwenye simu yangu kwa tarehe ya siku hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa "mpya zaidi". Programu ilitii nilichoiambia. Kwenye karatasi kubwa, mvi za ndevu zake zimekuwa doa moja la kijivu.

Kwa hiyo nikisisitiza jambo hapa chini, chanzo ni hicho.

Kwanza, kopi ni nini?

Neno "kopi" linabeba vitu vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakoharibu maktaba za watu.

Kuna pacha kamili: mafaili mawili yenye baiti zilezile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Majina yanaweza kutofautiana, folda zinaweza kutofautiana, lakini ndani ni kitu kimoja. Kuna ndugu: picha moja iliyopunguzwa, iliyozungushwa, iliyopita WhatsApp, au wimbo mmoja uliohifadhiwa kwa ubora tofauti. Machoni ni kitu kilekile, ndani ni faili jingine. Halafu kuna majirani: picha tatu ulizopiga ndani ya sekunde tano, mtu yuleyule, ukuta uleule. Pacha unaweza kuiachia kompyuta ikaondoa. Ndugu lazima uwaangalie mwenyewe. Majirani usiwaguse kabisa kwenye kazi hii. Kuchagua picha nzuri kati ya tatu ni kazi nyingine, ya siku nyingine, ukiwa hujachoka.

Mimi nilifuta ndugu nikidhani nafuta pacha.

Kukusanya bila kufuta

Nilitafuta diski moja yenye uwezo wa kumeza kila kitu, kopi zote zikiwemo. Najua inauma kuhifadhi takataka, lakini ni kwa muda. Kila chanzo nikakipa folda yake: D1, D2, D3, D4, LAPTOPU_A, LAPTOPU_B, KADI_1 na kuendelea. Usimwage vyote kwenye folda moja. Ukimwaga, kompyuta ikikutana na majina mawili sawa itakuuliza kama ibadilishe la zamani kwa jipya, na saa saba za usiku ukiwa umechoka utajibu "ndiyo kwa yote".

Baada ya kunakili, diski za mwanzo nilizichomoa, nikazibandika karatasi zenye namba, nikaziweka kando. Sikuzigusa tena mpaka mwisho. Kama una diski inayolia au inayosita, hiyo inakiliwe kabla ya zote, na usianze kuichambua ikiwa bado inazunguka. Nakili, chomoa.

Muda wake ni mrefu, jipange. Diski ya kuzunguka yenye afya husoma kama megabaiti 120 kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti 2 ni karibu saa tano. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2 unashuka hadi 35 hivi, na hizo saa tano zinakuwa 16. Mafaili madogo madogo huchelewesha zaidi ya hapo.

Hashi

Kujua kama mafaili mawili ni pacha, huangalii jina wala tarehe. Unapiga hashi. Hashi ni hesabu inayopita kwenye kila baiti ya faili na kutoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu: MD5 hutoa 32, SHA-256 hutoa 64. Ikibadilika baiti moja tu, mfuatano wote unageuka. Kwenye Windows unaandika

certutil -hashfile picha.jpg SHA256

kwenye Mac ni shasum -a 256 picha.jpg, na kwenye Linux ni sha256sum picha.jpg. Jaribu kwa mkono kwa mafaili mawili matatu. Chukua picha moja, inakili, ibadilishe jina, piga hashi zote mbili uone zinavyolingana. Kisha fungua moja, izungushe, ihifadhi, upige tena. Ukishaona hayo kwa macho yako ndipo uiachie programu.

Mtu atasema MD5 ilishavunjwa. Ni kweli: mwaka 2004 watafiti walionyesha mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja, na SHA-1 ikafuata mwaka 2017. Hayo yalitengenezwa kwa makusudi na watu waliojua wanachotafuta. Picha zako za harusi hazitagongana zenyewe.

Programu nilizotumia ni Czkawka na dupeGuru, zote za bure na msimbo wake uko wazi. Zinaanza na ukubwa, kwa sababu mafaili yenye ukubwa tofauti hayawezi kuwa pacha, basi zinabaki kupiga hashi yale tu yanayolingana. Ndiyo maana mafaili laki mbili hayakuchukua wiki nzima.

Kitu kilichoniokoa safari hii ni folda ya rejea. Programu zote mbili zinakuruhusu kusema: folda hii ni rejea, faili lolote lililomo humu lisiwekewe alama ya kufutwa. Nilitengeneza folda tupu inaitwa MAKTABA, nikahamishia humo chanzo nilichokiamini zaidi (kwangu ni D2), nikaifanya rejea. Kisha D1 ikalinganishwa nayo, pacha zikatoka, zilizobaki zikaingia MAKTABA. Halafu D3. Chanzo kimoja kwa wakati mmoja.

Na "zikatoka" maana yake zilihamishwa. Sikufuta kitu. Kila kilichoonekana pacha kilikwenda folda inaitwa KARANTINI.

Onyo dogo hapa: ukiona kundi moja lina "kopi" mia tisa, angalia ukubwa kabla hujashangilia. Nilikuwa na mafaili mia kadhaa ya baiti sifuri, na faili lolote tupu MD5 yake ni d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e. Yote yanalingana kwa sababu yote hayana kitu. Usiyatupe kimyakimya. Soma majina yake kwanza, maana kila moja ni picha ambayo pengine ipo nzima kwenye diski nyingine, au haipo popote.

Katika pacha wawili, ubakize yupi?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Baiti ni zilezile, basi ukichagua kwa kubahatisha utadhani hujapoteza kitu. Umepoteza. Picha moja ilikuwa D1/Folda mpya (3)/IMG_0382.jpg na D4/Siku aliyokuja shangazi na mapacha/IMG_0382.jpg. Ile folda ya pili aliiandika mama. Ningebakiza ya kwanza, nisingejua leo wale watoto wawili kwenye picha ni wa nani. Jina la folda ni maneno ya mtu aliyekuwepo, na hayamo ndani ya picha.

Kwa hiyo nilitoa orodha ya makundi yote kama faili la maandishi, nikaipitia nikitafuta folda zenye majina ya kibinadamu, na hizo nikazipa kipaumbele. Pale majina mawili yote yalikuwa na maana, nikabakiza moja na lile jingine nikaliandika ndani ya picha kama maelezo kwa ExifTool, programu ya kusoma na kuandika data iliyomo ndani ya picha.

Kuhusu tarehe: usitegemee tarehe anayokuonyesha msimamizi wa mafaili. Inabadilika ukinakili, ukishusha, hata ukizungusha picha. Tarehe ya kupigwa imo ndani ya picha yenyewe, kwenye data ya EXIF, inaitwa DateTimeOriginal. ExifTool inaisoma na inaweza kulipa faili jina kutokana nayo:

exiftool -d %Y-%m-%d_%H%M%S%%-c.%%e "-TestName<DateTimeOriginal" FOLDA

Nimeandika TestName makusudi. Hiyo inakuonyesha majina yatakavyokuwa bila kugusa kitu. Ukiridhika, badilisha TestName iwe FileName. Ile -c inaongeza namba kama picha mbili zimepigwa sekunde moja, ili mojawapo isimezwe.

Naishia hapa kwanza, nikipata nafasi nitaendelea na ndugu na muziki. Maswali yakaribishwe.

---

Mkwezi

Mkuu, nimesoma yote. Lakini mbona unazunguka sana? Mimi natafuta tu mafaili yenye (1) na (2) mwishoni, nayafuta yote. Dakika kumi kazi imekwisha.

---

Sandukuwazi

Mkuu Mkwezi, nakuomba usifanye hivyo tena mpaka uangalie kitu kimoja. Ile (1) haina maana ya "kopi ya lile". Maana yake ni "nilikuta jina hili lina mwenyewe". Ukishusha bili ya mwezi huu na ya mwezi ujao, zote zikiwa na jina "bili.pdf", ya pili itakuwa bili (1).pdf, na ni karatasi nyingine kabisa.

Kwenye picha ni hatari zaidi. Kamera nyingi huhesabu kuanzia IMG_0001 hadi IMG_9999 kisha zinaanza upya. Ukiwa na kamera miaka kumi, IMG_0382 utakuwa nazo mbili au tatu, za miaka tofauti. Dada yako naye ana kamera ya namna hiyo, naye ana IMG_0382 yake. Mkichanganya kadi zenu, mojawapo inapewa (1). Ukifuta zote zenye (1), umefuta picha za dada yako.

Chukua hizo ulizonazo sasa, zipige hashi na wenzake wasio na mabano. Utuletee majibu hapa.

---

fundi_sauti

Uzi mzuri sana huu. Niongezee upande wa muziki, maana hashi pekee itakuangusha huko.

Faili la MP3 lina sauti, na lina lebo: jina la wimbo, msanii, albamu, picha ya jalada. Lebo za ID3 za toleo la pili hukaa mwanzoni mwa faili, za toleo la kwanza ni baiti 128 mwishoni kabisa zikianza na herufi TAG. Ukirekebisha herufi moja tu ya jina la msanii, hashi ya faili inabadilika japo sauti haijaguswa. Kwa hiyo nyimbo mbili zenye sauti moja kabisa zitaonekana ni mafaili tofauti. Usishangae programu ikisema huna pacha na wewe unaona wimbo mmoja mara sita.

Dawa ni kulinganisha sauti. MusicBrainz Picard inasikiliza wimbo, inautolea alama yake kama ya kidole, na kuutafuta kwenye hifadhi ya AcoustID. Inafanya kazi hata kama jina la faili ni "Track 05". Baada ya hapo unapanga kwa msanii na albamu, na kopi zinakaa pamoja zenyewe.

Ila wimbo mmoja unaweza kuwa kwenye albamu yake ya kwanza na kwenye mkusanyiko uliotoka baadaye. Je, ni kopi? Mimi nasema hapana, ukifuta mmoja umetoboa albamu. Na toleo la jukwaani si la studio, hata jina likiwa moja.

Jambo la mwisho: faili kubwa si lazima liwe bora. Nimeona watu wanageuza MP3 kuwa FLAC, muundo unaohifadhi sauti bila kutupa kitu. Faili linakuwa kubwa mara kadhaa, lakini kilichokwisha kutupwa na MP3 hakirudi. Ukiwa na MP3 ya asili na FLAC iliyotokana nayo, mwenye haki ya kubaki ni ile MP3. FLAC ya kweli kutoka kwenye CD ni habari nyingine, na ina zawadi: ndani yake imebeba MD5 ya sauti peke yake, bila lebo. Kwa hiyo FLAC mbili zenye lebo tofauti unaweza kuzilinganisha kwa sauti tu, na unaweza kujua kama faili limeharibika.

---

Sandukuwazi

Fundi, ahsante sana, umenipunguzia kazi na umeeleza kuliko ambavyo ningeeleza. Hilo la MP3 iliyogeuzwa FLAC nilikuwa nalo kwenye D3, albamu nzima kumi na moja. Nimezikagua kwa tarehe tu, leo nitarudi nizisikilize.

---

Tausi77

Habari kaka. Mimi shida yangu ni simu. Kila picha naiona mara mbili, moja HEIC na moja MOV, jina lilelile. Nifute MOV zote? Halafu nilizopakua kutoka Google Photos zimekuja na mafaili ya JSON mengi mno, na picha zingine zimejirudia kwenye folda za mwaka na folda za albamu. Nimechanganyikiwa.

---

Sandukuwazi

Dada Tausi, tulia, yako inapangika.

Hizo HEIC na MOV zenye jina moja ni picha hai: MOV ni zile sekunde chache za mwendo na sauti zinazozunguka picha. Si kopi. Ukizitenganisha unabaki na picha tu, na sauti imekwenda. Mimi sikufuta hata moja, na nimekuwa nikisikiliza baadhi. Kwenye moja unasikia mtu anasema "subiri, nywele" kabla ya picha kupigwa. Ukikuta pia mafaili madogo ya AAE, hayo ni kumbukumbu ya marekebisho uliyofanya kwenye simu, yaache karibu na picha zake. Hali kadhalika wenye kamera zinazotoa RAW (picha ghafi) na JPEG pamoja: ni jozi.

Za Google: ukizitoa kwa Takeout (huduma yao ya kupakua vitu vyako), picha iliyomo kwenye albamu huja pia kwenye folda ya mwaka wake. Hizo mara nyingi ni pacha kamili, hashi itazikamata. Ifanye folda ya albamu iwe ya kubaki, kwa sababu ileile ya jina la folda. Zile JSON usizitupe kwanza! Ndani yake mna tarehe ya kupigwa, inaitwa photoTakenTime, na maelezo uliyowahi kuandika. Picha nyingi zina tarehe yake ndani tayari, lakini zisizokuwa nayo, kama zilizoskaniwa au zilizopita WhatsApp, tarehe yake uliyoiweka kwa mkono imo kwenye JSON peke yake.

Na kama kompyuta yako ni Mac na unatumia Photos, usiingie ndani ya maktaba yake na programu ya kufuta kopi. Kwa nje inaonekana faili moja, kwa ndani ni folda nyingi zinazotegemeana. Toa picha nje kwanza, kisha fanya kazi na zilizotoka.

---

Mzee wa Kanda

Vijana, mimi napinga kidogo. Diski siku hizi zinameza kila kitu. Kwa nini mtu akeshe wiki sita kutafuta kopi? Acha zikae. Kopi nyingi ndiyo usalama wenyewe. Ningekuwa na kopi tano za kanda zangu za zamani nisingezipoteza.

---

Sandukuwazi

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa kanda.

Nakubaliana nawe nusu. Nafasi haikuwa shida yangu, na kama ingekuwa nafasi tu nisingeandika uzi huu. Shida ni kwamba kopi nyingi zilinificha nisione ambavyo havina kopi. Nilipopiga hashi ya vyanzo vyote, nilikuta picha za safari moja ziko mara 12, diski zote nne, nyingine mara nne ndani ya diski moja. Na nikakuta video ya dakika tatu ya bibi anatwanga na kuimba iko mahali pamoja tu duniani: KADI_5, memori kadi iliyopasuka pembeni. Ningeulizwa kabla ya hapo, ningeapa kwamba "kila kitu nina bekapu".

Na kopi tano kwenye diski moja ni kopi moja, mzee. Diski ikianguka zinaanguka zote. Sasa nina maktaba moja safi na nakala zake mbili, moja ikiwa nyumba nyingine. Kuzikagua ni kazi ya usiku mmoja. Zamani nisingeweza kuzikagua kabisa, kwa sababu sikujua nalinganisha nini na nini.

Kuna jingine ulilonikumbusha, nalo ndilo lililonishtua kuliko yote. Nilikuwa na jozi 41 za mafaili yenye jina moja, ukubwa mmoja mpaka baiti ya mwisho, tarehe moja, na hashi tofauti. Kwa macho ya haraka ni pacha. Nikafungua moja: nusu ya juu mtoto amebeba keki, nusu ya chini kijivu kitupu. Ile nyingine nzima. Diski D3 ilikuwa imeanza kuoza taratibu na kunipa mafaili yenye umbo sahihi na matumbo mabovu. Laiti ningelinganisha kwa jina na ukubwa, programu ingebakiza mojawapo kwa bahati, na mara nyingine ingebakiza ile ya kijivu.

Kwa hiyo jozi zenye jina na ukubwa mmoja lakini hashi mbili, ziwekeni kando mzifungue moja moja. JPEG nzima huanza na baiti FF D8 na kwa kawaida huishia na FF D9, lakini kuangalia kwa macho ndiyo uhakika. Czkawka ina sehemu ya kutafuta mafaili mabovu. Kwa video natumia programu ya ffmpeg:

ffmpeg -v error -i video.mp4 -f null -

Inaisoma video yote bila kutengeneza kitu. Ikinyamaza, video ni nzima. Ikitoa mistari ya makosa, tafuta kopi nyingine kabla hujafuta chochote. Kwenye MP3 jozi kama hizo zinaweza kuwa ni lebo tu zimebadilika, kwa sababu huwa kuna nafasi tupu iliyoachwa kwa ajili ya lebo na ukubwa haubadiliki. Fundi ameshaeleza.

Na tarehe zikitofautiana kwa sekunde moja au mbili kati ya diski mbili, msihangaike. FAT32, mfumo wa kupanga mafaili uliomo kwenye memori kadi na diski nyingi za nje, huandika muda kwa hatua za sekunde mbili. Zikitofautiana kwa saa kamili, mara nyingi ni mambo ya majira ya saa, maana FAT32 huandika saa ya ukutani bila kusema ni ya wapi.

---

Mkwezi

Mkuu, nimerudi. Nimepiga hashi kama ulivyosema. Mafaili yenye mabano nilikuwa nayo 318. Pacha kweli ni 240. Yaliyobaki 78 ni vitu tofauti kabisa, yakiwemo majibu ya vipimo vya mtoto. Na folda ya picha nilishaifanyia ile njia yangu mwaka jana. Sijui nilifuta nini.

---

Sandukuwazi

Pole sana ndugu yangu. Usiiandikie chochote diski hiyo kuanzia sasa, hata faili moja. Kama hujaijaza tangu wakati huo, PhotoRec inaweza kurudisha baadhi. Ni ya bure. Inatafuta picha kwa kuangalia zinavyoanza, haitegemei orodha ya majina, kwa hiyo zitarudi bila majina yake ya zamani. Zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si ileile. Kama ni SSD (diski isiyozunguka) matumaini ni madogo, kwa sababu huwa inasafisha yenyewe nafasi iliyoachwa na faili lililofutwa, lakini jaribu.

---

Sandukuwazi

Wakuu, nimalizie sehemu ya ndugu niliyoahidi.

Kwa picha zinazofanana bila kuwa pacha, programu hupunguza kila picha iwe ndogo sana, miraba michache ya kijivu, kisha huangalia mraba upi umeng'aa kuliko jirani yake. Inapata mfuatano wa sifuri na moja, mara nyingi 64, na kuhesabu tofauti ziko ngapi. Tofauti chache, picha zinafanana. Ndiyo maana picha iliyopunguzwa na WhatsApp inakamatwa. Ndiyo maana pia majirani wanakamatwa: ukipunguza uso wa mtu hadi miraba michache, aliyefumba macho na aliyefumbua ni mtu mmoja.

Basi anza na kiwango cha juu kabisa cha kufanana, na kila kundi panga kwa pikseli. Bakiza yenye pikseli nyingi na yenye EXIF. Jina la namna ya IMG-20190412-WA0007.jpg linakuambia ilipita WhatsApp, na hiyo tarehe ni ya siku ilipoingia kwenye simu, haihusiani na ilipopigwa. Lakini kama hiyo ndiyo pekee uliyonayo, ni ya thamani. Ipe tarehe kwa kukadiria, iweke.

Nilipitia makundi 3,900 kwa macho. Sikuona njia ya mkato.

Kwenye kundi moja, picha ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya baba, kilobaiti 140. Ya pili ilitoka LAPTOPU_B, megabaiti 5.1, imepigwa sekunde mbili baadaye. Sikujua kama ipo. Haikutumwa kwa mtu yeyote kwa sababu amegeuza kichwa, hatazami kamera, anamwambia kitu mtu aliye pembeni, na mkono umetikisika kidogo. Programu ilikuwa imeweka alama kwamba zinafanana, moja iondoke. Nimezibakiza zote mbili. Kwenye hii ya pili ukiikuza, mvi za ndevu unazihesabu.

KARANTINI bado ina terabaiti 1.4 na kitu. Nitaiacha hadi nipitishe miezi sita bila kutafuta kitu nikakikosa.